Tangazo la Kwenye Mkunjo

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba mama mkwe wangu alipotea akitokea nyumbani, mimi nikiwa kazini. Niliwaambia alifungua mlango mwenyewe, akashuka ngazi na koti lake la bluu, na hakuna jirani aliyemwona.

Barua zimemfikia mhariri. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha bia ameandika kwamba alinililia. Mwingine amenitumia soksi za sufu. Kuna mzee amesema wakwe kama mimi siku hizi hawapatikani, na laiti mwanawe angeoa mmoja.

Soksi nimezirudisha. Niliwadanganya.

Kama unaanza kunisoma leo, hukukosa mengi. Mimi ni Qiu Jufang. Nilifanya kazi kwenye tanuru la kiwanda cha chupa za chai, upande wa Hanyang, mpaka kioo cha moto kiliponiunguza mkono wa kulia. Kiwanda kikanihamishia kwenye chumba cha kusomea magazeti, mahali wanapowekwa watu wasiofukuzika na wasio na kazi. Mume wangu Zhanpeng anatengeneza baiskeli kwenye kona ya mtaa wetu. Mama yake tuliishi naye miaka kumi na miwili, chumba kimoja, tumegawana kwa pazia. Miaka miwili ya mwisho akili yake ilianza kumtoka. Tarehe tatu Desemba mwaka 1993, akapotea.

Hayo yote ni kweli. Uongo unaanzia hapo kwenye kupotea.

Siku ile sikuwa kazini. Duka kubwa la Hankou, ng'ambo ya mto, lilikuwa limeleta sufu ya kijani, ile laini ambayo huisha kabla ya saa sita. Zhanpeng hakuwa na sweta la maana, na kila akiinama kwenye magurudumu shingo yake ilikuwa inachanika kwa baridi. Nikafunga chumba cha magazeti asubuhi, nikabandika karatasi mlangoni kwamba nimeitwa ofisini. Nani angeniita mimi ofisini? Lakini watu waliamini.

Jirani anayetuangalizia mama alikuwa amekwenda kwa bintiye. Nikalazimika kumchukua mama. Koti lake la bluu alikuwa amelikojolea, nikalianika, nikamvika langu la kahawia. Tukapanda feri.

Lazima mjue huyu mama alikuwaje. Katika miaka kumi na miwili hatukuwahi kukubaliana hata siku moja. Nikisema mchuzi una chumvi, yeye anaongeza chumvi. Nikisema mvua inakuja, yeye anatoa nguo anaanika. Mgeni akinisifu, yeye anamsahihisha. Mtu asiyetujua angedhani analipwa kwa kazi hiyo.

Jambo moja tu lilitupatanisha, nalo ni hili gazeti la jioni mlilolishika. Mama hakujua kusoma. Kila jioni, akiwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, nilimsimulia hadithi ya mfululizo niliyoisoma kazini siku hiyo. Hapo hakunipinga. Alikaa kimya, akiuliza tu mwishoni, "Kwa hiyo yule mwanamke amefika wapi?" Akili ilipoondoka, jina langu alilisahau mara tatu kwa siku, lakini saa kumi ikifika aliuliza kama gazeti limekuja.

Tulinunua madonge manane ya sufu. Moja alilishika yeye, hakutaka kuliachia, nikamwacha nalo.

Tuliporudi gatini palikuwa pamejaa watu. Nikamshika mkono ili tusogee kwenye mstari. Ghafla akanitazama kama mtu asiyemfahamu, akaanza kupaza sauti.

"Jamani, huyu mwanamke amenivua koti langu, amenivisha la marehemu."

Watu wakageuka. Nikamwambia taratibu, mama, hilo ni koti langu, la kwako limelowa.

"Mnasikia? Mwenyewe anakiri. Mwizi huyu. Ameniibia mwanangu, sasa ameona koti."

Wakacheka. Mwanaume mmoja aliyebeba kabichi akaniambia, "Dada, mrudishie bibi wa watu koti lake, baridi hii atakufia."

Nilijisikia vibaya sana. Mkono wangu ulioungua ulikuwa nje, kila mtu anautazama. Miaka kumi na miwili nimemwosha, nimemlisha, nimemsimulia hadithi, na leo mbele ya gati zima mimi ni mwizi. Nikamwachia mkono.

"Haya," nikamwambia. "Kama mimi ni mwizi, rudi nyumbani na watu waaminifu."

Nikapita mlango wa feri peke yangu. Nikamsikia akiita. Sikugeuka.

Feri ikapiga honi. Nikasimama pembeni, nikaliona koti langu la kahawia katikati ya watu. Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama upande mwingine kabisa, ameshika donge lake la sufu. Mnyororo wa mlango ulikuwa bado haujafungwa. Hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka siku nitakayowasimulia leo. Haujafungwa, na kulikuwa na nafasi ya kushuka, na mimi nikasema moyoni kwamba acha nimtie adabu kwa safari moja tu, niende na nirudi, haifiki saa nzima.

Niliporudi na feri iliyofuata hakuwepo.

Nilimtafuta mpaka saa tisa. Kisha, wasomaji wangu, nikarudi kazini. Gazeti la jioni hufika saa kumi, na wazee wangekuta chumba kimefungwa. Nilimwacha mama mkwe wangu amepotea Hankou, nikaenda kufungua chumba cha kusomea magazeti.

Zhanpeng aliporudi nyumbani aliuliza mama yuko wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Mdomo ukasema, "Nimerudi nimekuta mlango wazi."

Uongo ukishatoka lazima uulishe. Akauliza alikuwa amevaa nini, nikasema koti la bluu. Na koti la bluu lilikuwa linaning'inia uani, limelowa. Asubuhi nikalikunja nikaenda nalo kazini, nikalificha chini ya mafungu ya magazeti ya zamani. Langu la kahawia nikasema nimelipeleka kwa fundi. Ile sufu nikasema nimeuziwa na mwenzangu kiwandani, na madonge saba ndiyo aliyokuwa nayo.

Siku tano Zhanpeng alizunguka Hanyang na baiskeli, uchochoro kwa uchochoro, akiuliza watu kuhusu koti la bluu. Alitafuta upande usiokuwa wa mama, na aliyempeleka huko ni mimi.

Tangazo la kumtafuta niliandika mimi. Zhanpeng alinipa kalamu, akasema, "Wewe ndiye unayejua maneno ya gazetini." Nikaandika kwamba bibi wa miaka sabini na sita ametoka nyumbani kwake Hanyang, amevaa koti la bluu. Picha hatukuwa nayo. Likatoka tarehe tano, ukurasa wa nne, zuri, limenyooka, kila neno muhimu likiwa la uongo.

Sasa niwaelezeni kuhusu kibano, maana wengi wenu mnasomea gazeti nyumbani.

Kwenye vyumba vya kusomea, gazeti haliachwi hivi hivi. Kuna vipande viwili vya mbao virefu, vinalibana gazeti katikati, kwenye mkunjo, kisha vinafungwa kwa nati kila ncha. La kesho linaongezwa juu ya la leo, mpaka mwezi unaisha. Mwisho wa mwezi unafungua, unatoa yote, unayatoboa na kuyafunga kwa uzi, unayaweka stoo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Kubana na kubanua.

Na mimi nilikuwa nabana kwelikweli. Watu walikuwa wakiling'oa gazeti kufungia samaki, na mkuu wa kiwanda alishanionya. Nikaazima spana ya Zhanpeng. Kila siku nikiongeza gazeti nilikaza nati mpaka mkono mbovu ukauma. Zhanpeng alikuwa ananitania kwamba nabana gazeti kama gurudumu la lori.

Katikati ya gazeti, pale kwenye mkunjo, kuna ile safu nyembamba ya matangazo madogo. Vyeti vilivyopotea, mihuri iliyoibwa, funguo, leseni. Nani anasoma huko?

Kulikuwa na mtu mmoja. Mzee Nie, mstaafu wa idara ya kupaka rangi, alikuwa anakuja kila siku saa kumi na kikombe chake cha chai. Siku ya tarehe nane alinishtaki mbele ya wenzake.

"Jufang, umelibana hili gazeti mpaka linalia. Katikati hapasomeki."

"Katikati hamna kitu, Mzee Nie. Vyeti vya watu tu."

"Hivyo vyeti ndiyo starehe yangu. Nataka kujua kama kuna mtu mzembe kuliko mwanangu."

"Nikilegeza leo, kesho mtalifungia samaki."

"Samaki wenyewe tunawanunua kwa pesa gani? Legeza kidogo, mama, nusu mzunguko tu."

Sikulegeza. Nilichukua spana, nikaongeza nusu mzunguko upande wa kukaza, ili ajue. Wenzake wakamcheka, akarudi kwenye kiti chake akinung'unika.

Kuanzia jioni ya siku iliyofuata, tarehe tisa, Zhanpeng akabadilika. Aliacha kuzunguka na baiskeli. Nilidhani amekata tamaa, nikamwonea huruma. Tukimaliza kula anasukuma bakuli, anawasha sigara, na kila jioni anasema maneno yale yale.

"Niambie tena. Alitokaje?"

Nikamwambia. Nilifikiri ni majonzi, mtu akifiwa anapenda kurudia. Na kila nikirudia nilitia chumvi kidogo, ili asichoke na asitilie shaka. Mara ya kwanza mlango ulikuwa wazi, basi. Mara ya tano kulikuwa na kijiko kimeanguka sakafuni. Mara ya kumi chai yake ilikuwa bado vuguvugu. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima sigara, akasema, "Sawa."

Huku nyuma nilikuwa nasuka sweta. Nilisuka kazini, nilisuka nyumbani. Nikimwita nimpime anasimama, ananigeuzia mgongo, ananyanyua mikono kama mtoto. Mkono wa kushoto ukaniishia begani. Sufu ilikuwa imekwisha.

"Limepungua donge moja," nikamwambia.

"Limekwenda wapi?"

"Sikununua ya kutosha. Mwenzangu alikuwa nayo saba tu."

"Saba," alisema, akiwa bado amenipa mgongo.

Tarehe thelathini na moja, mchana, nikafungua kibano. Nati zilikuwa zimegoma, nikazitia mafuta, zikaachia. Nikayageuza magazeti chini juu ili nianze na la tarehe moja. Mzee Nie alikuwa amewahi, amekaa karibu na jiko la makaa anaota moto.

La kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nanyoosha mikunjo kwa kiganja bila kuangalia. Kwenye gazeti la tarehe nane macho yakakutana na neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jina langu.

Tangazo lilisema hivi: bibi kizee wa miaka kama sabini na mitano ameokotwa gati la feri upande wa Hankou, tarehe tatu. Lafudhi yake ni ya watu wa mji wa Xiaogan. Amevaa koti la kike la kahawia, mkononi ana donge la sufu ya kijani. Hajui jina lake wala kwake. Humtaja mtu mmoja tu, Jufang. Ndugu wafike kituoni ndani ya siku thelathini.

Nililisoma mara tatu. Lilikuwa limekaa hapo siku ishirini na tatu, na kila siku nilikuwa nalikaza kwa mikono yangu mwenyewe. Nikakaa chini, pale pale juu ya saruji.

"Vipi," Mzee Nie akauliza, "umekiona cheti chako?"

Nilikuwa nahesabu siku. Zilikuwa zimebaki saba. Nitasema ukweli, nilifurahi, nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti peke yangu na yule mzee akaogopa. Mama yuko hai. Nitamchukua, nitamrudisha, nitasema tangazo hili ndilo lililoniongoza. Unaona? Hata katika furaha nilikuwa natunga.

Nikalichana lile gazeti. Mimi, mlinzi wa magazeti, nikachana ukurasa mbele ya watu, nikautia mfukoni. Nikalitoa koti la bluu chini ya mafungu, limeshika ukungu, nikakimbilia feri.

Kituo cha kuhifadhi waliopotea kilikuwa nyuma ya soko. Pale mezani alikaa mwanamke mnene aliyekuwa anatafuna mbegu za alizeti, maganda anayapanga kwenye kifuniko cha chupa. Nikamwambia nimemfuata mama yangu, bibi wa koti la kahawia. Nikaweka ukurasa mezani.

Akaufungua, akausoma, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Huyu ameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwanawe. Tarehe tisa asubuhi." Akageuza daftari nione sahihi. Naujua mwandiko wa Zhanpeng. Anaandika kama mtu anayekaza nati. "Alikuja na gazeti kama hili lako, lakini lake lilikuwa limelowa mafuta ya baiskeli."

Hapo nikaelewa, kabla hajamaliza kusema. Zhanpeng hasomi gazeti kwenye kibano. Hununua la jana kwa bei ya kutupa, analitandaza chini, anapanga juu yake nati na mipira. Analitandaza lote, na mkunjo wake wote.

"Bibi mwenyewe alitusumbua sana," mwanamke akaendelea. "Kila saa kumi gazeti limefika, gazeti limefika. Tukimpa analirudisha, anasema siyo yeye msomaji. Msomaji ni Jufang. Sisi tulidhani huyo Jufang ni binti yake."

"Mkwe," nikasema. "Ni mimi."

Akaacha kutafuna.

"Tuliliona tangazo lenu la tarehe tano," alisema. "Likasema Hanyang, koti la bluu. Tukasema siyo huyu." Akalitazama koti la bluu mikononi mwangu. "Yule bwana alituuliza mama yake aliokotwa wapi. Tukamwambia gatini. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Kisha akaketi hapo ulipoketi, karibu saa nzima."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimesimama kwenye feri, pembeni, mahali pale pale. Siku ishirini na mbili. Kijiko alikijua. Chai vuguvugu aliijua. Aliponinyanyulia mikono nimpime alijua donge la nane liko wapi, na bado alisimama, akaniacha nipime. Niliona haya mpaka mwili ukawa wa moto kwenye baridi ile. Nilifikiria kutorudi nyumbani. Nilifikiria na mengine ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Lakini feri ikafika, watu wakanisukuma, nikashuka.

Zhanpeng alikuwa amefunga kazi mapema. Mlangoni palikuwa na mifuko miwili ya nailoni yenye mistari, imefungwa. Mmoja ulikuwa na vitu vya mama, kopo lake la usiku limefungiwa nje kwa kamba. Mwingine ulikuwa na sindano zangu za kusukia zimechomoza.

Mwenyewe amekaa mezani. Amevaa lile sweta, mkono wa kulia una sufu, wa kushoto ni shati tupu. Mbele yake kuna donge la kijani.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa Hankou."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kumwambia kwa siku ishirini na nane. Akatikisa kichwa. Akawasha sigara.

"Niambie tena. Alitokaje?"

Nikamwambia. Nilisimama, sikukaa, nikamwambia yote kama nilivyowaambia nyinyi leo: duka, koti, kelele za gatini, mwanaume wa kabichi, mimi kumwachia mkono. Nikamwambia aliniita nikakaa kimya. Nilipofika kwenye mnyororo, akanikatiza.

"Ulikuwa umefungwa?"

"Haukuwa umefungwa."

"Kwa hiyo ungeweza kushuka."

"Ningeweza."

Akavuta sigara mpaka ikafika kwenye vidole. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Tangu tarehe tisa nilikupa nafasi, Jufang. Kila jioni. Kila asubuhi navuka mto kwenda kwa dada yangu Cuilian kumwona mama, namwambia, leo usiku mke wangu atasema. Cuilian ananicheka. Ananiuliza, jana amesema nini? Namsimulia. Anacheka tena."

"Nisamehe."

"Leo unasema kweli kwa sababu umefungua kibano. Nilijua. Mwezi umeisha, spana umeichukua asubuhi. Nikasema, leo atalikuta tangazo, leo atakiri. Sasa hiyo kweli niifanyie nini? Ungeniambia jana, ningekuwa na mke."

Akaizima sigara.

"Cuilian amechoka," alisema. "Leo nimemrudisha mama. Na dada anasema chumba hiki hakiwatoshi nyinyi wawili, na mimi naona hivyo hivyo. Mmoja anaondoka kabla ya giza. Mifuko nimefunga yote, ili nisijidanganye kwamba nimeamua kabla ya kukusikia."

"Na sasa umenisikia."

"Nimekusikia."

Akainuka nusu. Na hapo nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Mwongo huyo," ilisema sauti ninayoijua kuliko ya mama aliyenizaa.

Pazia likasogea. Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu ndani ya beseni, amekonda, nywele zake Cuilian amezikata fupi kama za mfungwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe.

"Anakudanganya, Zhanpeng. Jufang alikuwa kazini. Mlango niliufungua mwenyewe."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya beseni. Nikamwambia, mama, siyo hivyo, tulikuwa wote kwenye feri, mimi ndiye niliyekuacha.

"Aa, sivyo," alisema, kwa ule ukali wake wa miaka yote, wa chumvi na wa mvua. "Unajua nini wewe? Mimi ndiye niliyetoka. Kijiko kilianguka. Chai ilikuwa bado vuguvugu."

Nikamgeukia Zhanpeng. Alikuwa amekuwa mweupe.

"Alikuwa anasikiliza," alisema polepole. "Kila asubuhi nikimsimulia Cuilian. Alikuwa anakaa pale na kuuliza imefika wapi."

Kwa hiyo ule uongo wangu, jioni baada ya jioni, ulikuwa unavuka mto asubuhi na kumfikia mama kama hadithi ya gazetini. Aliupokea wote. Sasa alikuwa ananitetea kwa maneno yangu mwenyewe, au alikuwa ananipinga kwa mazoea tu, kwa sababu mimi nilikuwa nimesema kinyume. Nilimtazama machoni nione ni lipi. Nimekuwa nikiyakumbuka macho yale kila siku na sijui.

"Mama," Zhanpeng akasema, "unamjua huyu ni nani?"

Mama akaniangalia kwa muda mrefu. Akalitazama koti la bluu begani kwangu, akashika ukosi wake, akaunusa.

"Gazeti limefika?" akaniuliza. "Yule mwanamke amefika wapi?"

Mfukoni nilikuwa na ule ukurasa niliouchana. Sikuweza kuutoa.

Zhanpeng alisimama. Akapita katikati yetu, akafika mlangoni, akaiinamia ile mifuko miwili. Mkono wake ule usiokuwa na sufu ukashika kishikio kimoja, akanyanyua.